Shavu la Kushoto

Arobaini ya mama ilipokwisha na mabusati yakarudishwa msikitini, Nuru, binti wa kaka yangu, alileta kompyuta yake nyumbani kwetu Jomvu Kuu akaiweka juu ya meza ya chumba cha mama, pale palipokuwa pakikaa dawa zake. Alikuwa amekusanya picha zetu zote. Zile za karatasi, za albamu na za kabati la vioo, alizipiga upya moja moja. Zile za simu ya mama alizihamisha kwa waya. Alisema kuna programu inayozipanga picha kwa sura za watu. Ukiipa rundo la picha inakaa kimya kidogo, kisha inakuwekea kila mtu na fungu lake, huyu kwake na yule kwake, hata kama mtu alipigwa akiwa mtoto na tena akiwa mzee. Mimi nilikuwa kitandani nikikunja leso za mama, na sikuwa nikisikiliza sana. Kisha akaniita niende nikaangalie. Kwenye kioo palikuwa na nyuso mbili kando kando, na chini yake programu imeuliza kama hawa ni mtu mmoja au ni watu wawili. Wa kwanza nilikuwa mimi, na fungu langu lilikuwa kubwa. Wa pili alikuwa msichana wa mtandio wa samawati, uso safi kama sahani iliyooshwa, na fungu lake lilikuwa na picha hiyo moja tu.

"Shangazi," Nuru akauliza, "huyu ni nani?"

Huyu namjua vizuri. Tuliishi naye nyumba moja mwaka mzima, mimi na mama na yeye, na kila nikiukumbuka mwaka ule uso hunipata moto hata nikiwa peke yangu jikoni. Nimezaliwa na baka. Liko shavu la kushoto na ni kubwa, wala halifichiki kwa poda. Sasa naweza kuliandika hivi bila kusita, lakini nilipokuwa msichana baka hilo halikuwa na jina nyumbani kwetu. Watu wetu wana adabu. Mtu hatajwi kwa umbo alilopewa na Mungu, na aliyelitaja hata kwa wema huonekana amekosa malezi. Kwa hiyo halikutajwa. Majirani walinisalimu wakiniangalia machoni, madhubuti, kama watu waliokatazwa kuangalia pengine. Wageni wakija, mama alinikalisha upande wa ukutani, shavu la kushoto likawa kwa ukuta na la kulia kwa watu, na yeye mwenyewe hakusema kwa nini. Alikuwa akinisukuma kidogo begani tu, kama mtu anayeweka sawa mto wa kiti. Nilijifunza. Nilipofika umri wa kumaliza shule nilikuwa siingii chumba chochote bila kwanza kujua ukuta uko wapi.

Studio ya Musyoka ilikuwa Magongo, kando ya barabara, kati ya duka la rangi na kibanda cha kinyozi. Musyoka alikuwa kijana wa Kikamba aliyekuja kufuata kazi bandarini, akaikosa, akanunua kamera. Ndani palikuwa na kiti kimoja cha duara, pazia la buluu lililoliwa na nondo, na kompyuta ya zamani yenye mgongo mkubwa, na harufu ya rangi kutoka duka la jirani ilikuwa humo daima. Wateja wake wengi walikuwa vijana wa bara waliokuwa wakitafuta kazi. Walikuja na fulana zilizolowa jasho wakaondoka na picha za suti, kwa sababu Musyoka alikuwa na makoti mengi ndani ya kompyuta, ya kijivu na meusi, yenye tai na yasiyo na tai, na kila mtu alimvalisha lililomkaa shingoni. Hilo lilituchekesha sana sisi wa Jomvu. Alikuwa pia na mazoea ya kuwasafisha watu. Chunusi, kovu la wembe, weusi wa chini ya macho, jasho la juu ya mdomo, vyote alivifuta bila kuambiwa, kama kinyozi anavyokupangusa nywele za shingoni kabla hujasimama. Kwake hiyo ilikuwa heshima kwa mteja. Tulipokwenda, mimi nilitaka picha za pasipoti za kuombea nafasi ya chuo cha ualimu, na mama alitaka moja kubwa ya kuweka kabatini kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule. Mama, kama kawaida yake, akaniambia nigeuke kidogo. Musyoka akasema pasipoti haigeuzwi, sista aangalie mbele.

Mama ndiye aliyezifuata picha zilipokuwa tayari. Alinikuta uani nikichambua mbaazi. Akaniwekea bahasha karibu na sinia, akaenda kunawa mikono, na alikaa huko kwenye maji muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Nikaifungua. Msichana wa mtandio wa samawati aliniangalia. Macho ni yangu, mdomo ni wangu, hata kile kipini cha mtandio ni changu, nilikiazima kwa Bi Rukia jirani yetu. Shavu lake la kushoto lilikuwa shavu tu. Niliigeuza picha nikaangalia nyuma yake, sijui nikitafuta nini. Mama alirudi akijipangusa kwa leso, akaichukua ile kubwa, akaiingiza kwenye fremu na kuisimamisha kabatini mbele ya vikombe vya kizungu, akafunga kioo. Kaka yangu aliporudi kazini aliiona, akasema mashallah, imetoka vizuri, akauliza chakula. Majirani walisema vivyo hivyo. Hakuna aliyesema kwamba picha ile ina upungufu, kwa sababu kuutaja upungufu ungelazimika kwanza kulitaja baka, na baka halitajwi. Adabu yetu yote ilikaa pale kabatini inanitazama.

Na mimi, nitasema kweli, nilimpenda. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi sebuleni, na kabati lile nililifuta kuliko kitu kingine chochote. Nilisimama mbele yake nikiwa na kitambaa mkononi nikamwangalia yule msichana jinsi alivyoinua kidevu, bila kujua ukuta uko wapi na bila kujali. Nilimpa tabia. Nilijiambia huyu angeingia harusini akakaa katikati. Kuna siku nilijikuta nimeweka kiganja juu ya shavu langu la kushoto na nimeinua kidevu kama yeye, na mama amesimama mlangoni na kikapu cha soko. Alipita akaenda jikoni, na mimi nikaona aibu kama niliyefumaniwa na kitu cha wizi.

Bi Rukia huyo wa kipini alikuwa rafiki wa mama tangu usichana wao, na mtaani kwetu posa nyingi zilipitia mikononi mwake. Mwaka ule alikuwa ameletewa na mwanawe simu yenye kamera, ya kwanza katika njia yetu, na alipiga kila kitu: paka, biriani, wajukuu wake wakilia. Siku moja alipiga ile picha yangu kabatini, juu ya kioo, hata mwanga wa dirisha ukaonekana kwenye paji la yule msichana. Nilidhani ni mchezo wake wa kawaida. Baada ya siku chache nilikuwa chumbani nikipiga pasi, na wao wawili wako uani wakikuna nazi, nikasikia Bi Rukia akisimulia juu ya watu wa Kisauni, watu wa dini, wenye duka la vitambaa, ambao kijana wao yuko Muscat na anatafutiwa mke. Alisema amewaonyesha picha. Alisema mama wa kijana aliibusu simu. Sauti ya mbuzi ya mama ya kukunia ikakatika.

"Umewaambia?" mama akauliza.

"Niwaambie nini?" akasema Bi Rukia.

Pasi ilikuwa mkononi mwangu, nimeiinua. Nilingoja mama aseme. Nikasikia kuku akiparura majani ya mgomba upande wa pili wa ua.

"Basi," mama akasema, na akaanza tena kukuna.

Nilielewa yote pale pale. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Bi Rukia asingeweza kwenda nyumbani kwa watu akamtaja binti wa rafiki yake kwa dosari ya uso, na mama asingeweza kumwagiza amtaje. Ningeweza kutoka mimi, nikasimama mbele yao na kusema neno lile moja. Badala yake niliendelea kupiga pasi. Nilianza kuiwaza Muscat, nyumba nyeupe zenye viyoyozi, na mume ambaye pengine ni mtu wa kusafiri sana na macho yake si mazuri. Mtu akitaka sana jambo hujitungia ujinga wa kila aina.

Walikuja siku ya Alhamisi baada ya alasiri, mama wa kijana, jina lake Bi Shufaa, na mdogo wake. Kwa desturi yetu hawaji kumwangalia binti. Wanakuja kusalimia, kwamba wamepita njia hiyo, na binti huletwa na kinywaji tu, basi. Lakini mama alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri. Palikuwa na sambusa za nyama, kaimati, mkate wa sinia uliotoka vizuri kuliko siku zote, na sharbati ya ukwaju iliyokuwa imekaa kwenye barafu. Alikuwa ametandika mito mipya. Bi Rukia alikaa nao akiendesha maneno ya joto na bei ya vitambaa. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la korido na sinia, nikimsikia Bi Shufaa akiisifu nyumba, na nilimpenda kwa sauti yake, sauti ya mtu asiyemkatisha mwenzake. Kisha mama akaniita. Nikaitika abee, nikaingia.

Kuta za sebule ile nilizijua tangu utotoni, lakini mtu aliyebeba sinia hawezi kuchagua upande. Nilipiga magoti nikasema shikamooni, wakaitika marahaba mwanangu, nikampa kila mmoja gilasi yake. Bi Shufaa aliniangalia machoni, madhubuti, kwa ule mwangalio ninaoujua. Akanishukuru. Kisha akatazama mlango niliotokea, akitabasamu, akingoja. Akanywa kidogo. Akatazama tena mlangoni. Mdogo wake naye akatazama mlangoni, halafu wakatazama kabatini, ambako yule wa mtandio wa samawati alikuwa ameinua kidevu. Niliona jinsi walivyofahamu, kwa njia yao, na jinsi walivyotafuta neno lisilomuumiza mtu yeyote mle ndani. Bi Shufaa akalipata.

"Na yule nduguye yu wapi?" akamuuliza mama, kwa upole kabisa.

"Katoka," mama akasema. "Kaenda Mikindani kwa shangaziye."

Hakufikiri. Hilo nalijua sasa kama ninavyojua jina langu. Neno lilitoka mdomoni kabla yeye hajalitazama, kama mkono unavyojikinga. Lakini siku ile nilisikia tu kwamba mama yangu ameulizwa nilipo, nami nimepiga magoti mbele yake, na amesema sipo. Bi Rukia alikunywa sharbati yake yote kwa mara moja. Nikasema karibuni, nikainuka, nikarudi jikoni. Huko nilisimama kando ya sufuria nikala kaimati, moja baada ya nyingine, shira ikinitiririka mkononi, mpaka zikanikaa kooni. Wageni walipoaga nilitakiwa nitoke kuwasindikiza. Bi Shufaa alinishika mkono mlangoni, akaufunika na mkono wake wa pili, akasema nimewakarimu sana na Mungu anipe mume mwema. Aliyasema kwa moyo. Halafu akasema, "Akirudi, tusalimie nduguyo."

Nikajibu, "Zitafika, inshallah."

Jioni ile tulikula sambusa zilizobaki, mimi na mama, kaka yangu akiwa zamu ya kazi. Mama alikuwa akinisogezea zile zenye nyama nyingi. Nilizirudisha. Alisema chumvi imezidi kidogo, na nikasema haikuzidi, na hayo ndiyo yote tuliyoongea. Usingizi ulipokataa nilijiuliza ni lipi linaloniuma zaidi, kukataliwa na mama au kwamba nilikubali mwenyewe kupeleka salamu kwa mtu asiyekuwepo.

Asubuhi mama alivaa buibui lake akasema tunakwenda Magongo. Njiani hakuniambia kwa nini. Musyoka alikuwa na vijana wawili wa bara wakingojea suti zao, akatuchangamkia. Mama aliweka picha mbele yake akasema, "Irudishe." Musyoka hakuelewa irudishwe nini. Mama akatazama sakafu, akasema kulikuwa na kitu shavuni. Hapo Musyoka akakumbuka, na ilikuwa wazi kwamba mpaka dakika ile hakuwa amewaza kuwa alifanya neno. Alisema yeye husafisha kila mtu. Akaeleza, kwa fahari kidogo bado, jinsi alivyochota ngozi ya shavu la kulia akaigongagonga kama muhuri juu ya la kushoto mpaka yakalingana, na kwamba ilikuwa kazi ngumu, ilimchukua asubuhi nzima. Ile ya kwanza hakuwa nayo tena. Aliihifadhi hii mpya juu yake, na ya zamani ikapotea.

"Lakini si neno, mama," akasema. "Sista akae hapo, nimpige ingine sasa hivi."

Nikasema, "Sikai."

Mama akaniangalia. Nilijua anataka nini. Hakuweza kuwaambia watu wa Kisauni kwa mdomo, basi alitaka picha iende ikaseme badala yake, na kwa hilo alihitaji uso wangu kwa dakika moja kwenye kiti kile. Dakika moja tu. Nikakaza macho kwenye matundu ya pazia la buluu nikavuta mtandio mpaka kwenye pua. Nilitaka na yeye aumie, na nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba ndicho nilichotaka. Wale vijana wawili wakajifanya wanasoma kalenda ukutani. Mama akakivuta kile kiti cha duara hadi mbele ya kompyuta, akakaa yeye.

"Basi lichore," akamwambia Musyoka. "Nitakwambia."

Ndipo nikamsikia mama yangu akilitaja. Alilisema akikitazama kioo cha kompyuta, hakugeuka kuniangalia hata mara moja, na kidole chake kilikuwa kikitembea hewani mbele ya shavu la yule msichana.

"Laanza chini ya jicho, si karibu sana, pana nafasi ya kidole. Hapo. Lapanuka lije puani, lakini pua haliigusi. Hapa kati laingia ndani kidogo. Kisha lateremka mpaka kwenye taya, na mwisho wake ni mwembamba. Usilifanye jeusi, si jeusi. Ni rangi ya zambarau iliyoiva. Na akilia huwa jekundu."

Mimi mwenyewe sikuwa najua kwamba nikilia huwa jekundu. Sikuwa na mazoea ya kujitazama nikilia. Musyoka alikuwa ameacha kusema sista. Alichora kimya, akiuliza tu hapa mama, au hapa, na mama akisema panda kidogo, sasa shuka. Lilipokwisha lilikuwa baya. Kila mstari ulikuwa mahali pake, lakini rangi ilikaa juu ya uso kama grisi ya gereji, kitu ambacho ungetaka kumwambia mtu ajipanguse. Mama alilitazama sana. Akasema sivyo, lakini basi, aitoe. Tulirudi nyumbani na bahasha nyingine, yeye mbele na mimi nyuma, na moyoni mwangu nilikuwa nikimhukumu. Nilidhani mtu huujua hivyo msiba wake tu. Nilidhani amelikariri kwa sababu kila siku ya maisha yangu alikuwa akilitazama na kusikitika.

Bi Rukia aliipeleka picha ile Kisauni. Aliporudi walizungumza uani tena, na safari hii sikuwa na pasi wala kisingizio. Nilisimama tu nyuma ya mlango. Alisema wamepokea picha na wameshukuru. "Lakini wasema huyu walimwona siku ile, mashallah, ana adabu zake. Wao wamuuliza yule mwenziwe." Nilingoja, kama nilivyongoja siku ya nazi, na bado nilikuwa na tumaini kwamba atasema ni mmoja, nina binti mmoja.

"Waambie yule kashaolewa," mama akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote, Rukia. Kwa yeyote."

Ndugu yangu akaolewa hivyo, bila ngoma na bila pilau, na mimi nikabaki. Miaka mingi baadaye nilianza kuweza kucheka nikilisimulia hilo kwa mume wangu, mtu wa Frere Town aliyeniona kwanza kwa macho yake mwenyewe, darasani, chaki imenijaa nyweleni. Lakini mwaka ule sikucheka. Nilipata nafasi ya chuo, na mpaka siku ya kuondoka mimi na mama tuliishi kwa sauti ndogo, tukiulizana chumvi na mkaa. Ile picha safi iliendelea kusimama kabatini. Kuiondoa kungekuwa ni kusema neno, na kila mmoja wetu alikuwa akimngojea mwenzake aanze. Ilibaki pale mpaka mama anakufa, vikombe vikivunjika kimoja kimoja nyuma yake, na wageni wapya wakiuliza, mama alikuwa akisema tu kwamba ni ya zamani.

Miguu yake ilipoanza kukataa, nilimnunulia simu ya kugusa na Nuru akamfundisha. Aliipenda kupita tulivyotarajia. Kila Ijumaa nikija kumwona nilikuwa nakaa kwenye kiti cha dirishani, na yeye alikuwa akisema nitulie anipige. Nilimpa shavu la kulia, kama nilivyofunzwa. Akasema geuka, mwanangu. Nikasema huku ndiko kuzuri, mama. Basi alikuwa akishika fimbo yake, akainuka kwa taabu, akakizunguka kiti changu mpaka upande wa pili, akisukuma stuli kwa goti, na mimi nikaudhika. Nilidhani macho yamepungua na anatafuta mwanga. Nilimwambia mara nyingi akae, atajikwaa. Hakukaa.

"Shangazi?" Nuru akasema. Alikuwa bado anangoja, kidole juu ya kitufe.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Huyo katoka."

Nuru akacheka, akauliza katoka kwenda wapi. Nilibaki nimeishika leso ya mama nikishangaa jinsi neno lile lilivyokuwa karibu, limekaa tu juu ya ulimi, halihitaji ubaya wowote ili litoke. Nikamwambia ni mimi, wote ni mimi. Akaniangalia, akaiangalia picha, akaniangalia tena, na kwa kuwa amelelewa vizuri hakusema kitu. Alibonyeza. Msichana wa mtandio wa samawati akaingia ndani ya fungu langu, na Nuru akalifungua lote ili nione.

Karibu zote zilikuwa za simu ya mama, Ijumaa baada ya Ijumaa, kiti kile kile cha dirishani. Nuru alizishusha taratibu kwa kidole na sikumwambia aache. Katika kila moja lilikuwapo shavu la kushoto, limejaa picha, karibu kabisa, lina mwanga. Mahali pengine nimekunja uso kwa kuudhika. Mahali pengine nazungumza na mtu mwingine na sikujua kwamba amefika upande ule. Hakuna hata moja aliyoifuta wala kuisafisha, na Nuru alikuwa amemfundisha kusafisha. Nuru mwenyewe alinionyesha jinsi mama alivyolifuta chongo la paka pichani, kwa mchezo. Nilihesabu jinsi nilivyomhukumu tangu siku ile ya studio, nikaona aibu. Nilikuwa nimempa mama yangu shavu la ukutani miaka yote aliyokuwa akiniomba lingine, na kila aliponizunguka kwa miguu ile mibovu, mimi nilimwambia akae.

Mwisho kabisa programu ilikuwa imetenga picha chache ilizodhani hazifai, zilizofifia na zilizopigwa kwa bahati mbaya, ikiuliza kama izifute. Moja ilikuwa ya chumba hiki hiki. Ukuta, pazia, na ukingo wa kitu cha kahawia kwenye pembe, kimetikisika. Naikumbuka siku ile. Hakuweza tena kuinuka. Alikuwa amelala kitandani hapa, ameishika simu kwa mikono miwili, na akasema, "Geuka, mwanangu." Nikamwambia huku ndiko kuzuri. Aliningoja. Simu ilikuwa ikitetemeka mikononi mwake, naye aliningoja, na mimi nilikuwa nikitazama dawa zake mezani nikiwaza nani atakayezifuata nyingine. Mwishowe akapiga hivyo hivyo, akaiweka simu juu ya kifua chake.

Nuru aliuliza kama aifute. Alisema programu haikuona mtu ndani yake.

Nikamwambia aiache. Mtu yumo, ila hakugeuka.